Mtoto wa Maziwa na Mtoto wa Miwa

"Mwalimu, weka chochote, lakini kilimo usiweke."

Aliyeniambia hivyo ni binti niliyemfundisha hapa Njoro, Nakuru, kwa miaka minne. Alikuwa amekuja nyumbani na simu yake tujaze pamoja maombi ya KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalowapangia waliomaliza kidato cha nne nafasi za vyuo. Nilipomwuliza sababu alisema amechoka na jembe, basi. Lakini muda mfupi kabla ya hapo, tukisubiri mtandao ufunguke, alikuwa amenisimulia jinsi alivyomwokoa mtamba wao aliyevimba tumbo baada ya kuvamia majani mabichi yenye umande. Alimsimamisha miguu ya mbele juu ya tuta, akamnywesha mafuta ya kupikia ili povu la tumboni livunjike, akampigia daktari wa mifugo simu, kisha akawa anamkanda ubavu wa kushoto mpaka daktari alipofika. Wa kushoto, alisisitiza, kwa sababu ndiko tumbo kubwa la ng'ombe liliko. Hayo hakuyapata darasani kwangu. Mimi nafundisha hisabati.

Inakuwaje mtoto aijue kazi kiasi hicho na bado asiitake?

Majibu mawili hutolewa haraka. La kwanza husema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka kiti cha ofisi na simu kubwa. La pili husema mtoto wa mkulima ana udongo damuni, aende Nairobi aende ng'ambo, mwisho atarudi shambani. Yote mawili yanadhani shamba humfundisha mtoto jambo moja tu, kuupenda udongo au kuuchukia. Mimi nimelelewa kwenye shamba la ngano na ng'ombe wawili, na kwa miaka mingi nimekuwa mwalimu wa kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi. Ninavyoona, shamba la nyumbani ndilo daftari la kwanza la hesabu analolisoma mtoto. Kabla hajajua kuandika anajua nani huamka kwanza, nani hushika jembe, nani hushika pesa, na pesa zenyewe hufika lini. Akifika umri wa kuchagua kazi, anaijibu hesabu hiyo, hata kama mdomoni jibu linatoka kama chuki ya jembe. Na kwa kuwa kila zao lina hesabu yake, "mtoto wa mkulima" si mtoto mmoja.

Pesa hufika lini

Tuanze na maziwa. Katika nyumba ya ng'ombe wa gredi pale Bahati, Njoro au Olenguruone, siku huanza kabla ya jua. Maziwa yanakamuliwa, yanapelekwa barabarani kwa mtungi, yanapimwa, yanaandikwa kwenye kadi ya chama cha ushirika, na mwezi ukiisha yanalipwa. Malipo yanaweza kuwa madogo, na kuna miezi yanachelewa, lakini yana tarehe. Mtoto wa nyumba hiyo anakua akijua kwamba kazi ya leo ina nambari leo hii: lita saba asubuhi, tano jioni. Anajua kwamba ng'ombe akinyimwa chakula Jumatatu, nambari itashuka kabla ya Jumatano. Mama akisema karo italipwa tarehe kumi, anaiona tarehe kumi ikifika. Kati ya wanafunzi niliowashauri, watoto wa maziwa ndio hunijia wakitaka uhasibu, uuguzi, maabara, ualimu, yaani kazi zenye kumbukumbu na mwisho wa mwezi. Mzazi huona mtoto amelikimbia shamba, kumbe anatafuta kadi nyingine ya maziwa.

Sasa shuka uende ukanda wa miwa, kuanzia Muhoroni na Chemelil upande wa Kisumu hadi Mumias na Nzoia. Miwa iliyopandwa upya hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine karibu miaka miwili, ndipo ikatwe. Katikati hapo hakuna nambari yoyote ya kumwonyesha mtoto. Lililopo ni deni: kulimiwa kwa trekta, mbegu, mbolea, usafiri, vyote hukatwa kwenye malipo kabla baba hajaona shilingi. Rafiki yangu wa chuoni aliyelelewa huko aliniambia kwamba nyumbani kwao "kesho" ilimaanisha "miwa ikilipwa". Viatu vilisubiri miwa. Jino lililooza lilisubiri miwa. Tulipokuwa mwaka wa kwanza yeye ndiye aliyeanza kuuza mayai ya kuchemsha bwenini, kwa sababu, alisema, yai huliwa na kulipwa usiku huohuo. Alihitimu ualimu pamoja nami lakini hajafundisha hata siku moja. Leo ana karakana ya pikipiki mjini Kisumu, na jioni akifunga mlango anazihesabu pesa za siku ile. Wazazi wake waliumia sana, wakidhani ameitupa elimu. Mimi nadhani alikuwa amekataa kusubiri, na kukataa huko alikuwa amekusomea utotoni kuliko chuoni.

Halafu likaja anguko. Kampuni ya sukari ya Mumias, iliyoanza kusaga miwa mwaka 1973 na kukua hadi kuwa kubwa kuliko zote nchini, iliwekwa chini ya mrasimu, msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, mwaka 2019 baada ya kuyumba kwa miaka. Kabla ya hapo, mwaka 2009, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilikuwa kimefungwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 Webuye ilipozima alikuwa na miaka 20 Mumias ilipofikia hapo. Ujana wake wote umepita kati ya vifo hivyo viwili. Na kumbuka kiwanda hakikuwa mnunuzi wa miwa tu. Kilikuwa zawadi ya kusoma: fundi wa mitambo, karani wa mizani, mhasibu, mwuguzi wa zahanati ya wafanyakazi. Mzazi wa miwa aliweza kumwonyesha mtoto bomba la moshi akamwambia, soma ufike pale. Bomba liliponyamaza, swali la kijana likageuka. Hakuuliza tena ni kazi gani inalipa vizuri. Aliuliza ni kazi gani haiwezi kufungwa. Ukiona uwanja umefurika vijana wenye vyeti vizuri siku ya kuandikisha polisi au jeshi, usiseme hawana ndoto.

Viazi ni hadithi nyingine. Molo na Mau Narok kiazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, hivyo pesa haziko mbali. Shida ni bei. Aina ya Shangi, inayopendwa kwa kukomaa upesi na kuiva upesi jikoni, huchipua haraka baada ya kuvunwa, kwa hiyo mkulima hawezi kuikalia akisubiri soko lipande. Broka anajua hivyo. Anafika na lori, anataja bei, na kwa miaka mingi alikuwa akishona juu ya gunia kofia ya wavu, ile lumbesa, hadi gunia likapita kilo 100 kwa bei ya gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko. Kuifuata kanuni shambani kumekuwa vita. Mtoto anayatazama haya yote akiwa ameshika mdomo wa gunia. Anamwona baba yake, mtu anayeheshimika kijijini, akimbembeleza kijana mwenye lori. Sasa mwulize mvulana huyo anataka kuwa nani. Hatataja mkulima. Atataja mwenye lori.

Mahindi ya Trans Nzoia na huku kwetu yana mtihani wa kalenda: huvunwa mwisho wa mwaka, bei ikiwa chini kwa sababu kila mtu amevuna, na Januari shule zinafungua. Gunia lililopaswa kungoja hadi Juni linauzwa kulipa karo ya muhula wa kwanza. Ajabu ya jambo hili ni kwamba mtoto anajua. Anajua kwamba karo yake ndiyo iliyoyauza mahindi kwa hasara, na wapo wanaobeba hatia hiyo hadi kwenye uchaguzi wa kozi: wanachukua kozi fupi na rahisi, wasiwaumize wazazi tena. Chai ya Nandi, Kericho au Vihiga, yenye malipo ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka, inakaribia hesabu ya maziwa, sitakaa hapo.

Jembe lilivyopata sifa mbaya

Hapa Nakuru neno jembe halikuanza na sisi. Wakati wa ukoloni ardhi hii ilitengwa kwa walowezi. Mwafrika aliruhusiwa kukaa humo kama skwota: alipata sehemu ya kulima na kuchungia kwa sharti la kumfanyia mlowezi kazi siku zilizowekwa, huku kipande, yaani karatasi ya utambulisho, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kikionyesha ameajiriwa na nani. Mwaka 1939 Lord Egerton wa Tatton alianzisha hapa Njoro shule ya kilimo ya kuwaandaa vijana wa Kizungu, ndiyo hiyo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Udongo ulikuwa mmoja. Kwa kijana wa mlowezi, kuulima ilikuwa taaluma yenye cheti. Kwa kijana wa skwota lilikuwa sharti la kupata pa kulala.

Uhuru ulipokuja, familia nyingi zilipata mashamba kupitia mipango ya makazi au kwa kununua hisa katika kampuni za ardhi. Babu alishika hati kwa fahari. Lakini hesabu ya zamani haikufutika kwa hati: shamba lilikuwa heshima, jembe likabaki utumwa. Ndipo ukapatikana usemi ambao karibu kila mtoto wa huku amelelewa nao: soma, usije ukashika jembe kama mimi. Mzazi anausema kwa upendo, na siwezi kumlaumu. Ila mtoto anasikia hukumu juu ya kazi inayomlisha. Shuleni tukaongezea yetu. Aliyechelewa alipewa kipande cha kulima. Aliyefeli alikwatua nyasi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo miaka yangu ya kwanza ya kufundisha, na najuta, maana hakuna aliyewahi kumwadhibu mtoto kwa kumpa kitabu cha hesabu na kumwambia ukikosea tena utahesabu mpaka jioni.

Kazi zinazopita langoni

Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Linda Gottfredson, alieleza jambo ambalo naliona kila mwaka katika ofisi yangu ndogo: mtoto hachagui kazi, huanza kwa kuziondoa. Akiwa mdogo anaziondoa zile anazodhani ni za jinsia nyingine. Baadaye anaziondoa zile anazoona hazina heshima mbele ya watu wake, na zile zinazoonekana kuwa juu mno. Anapofika kwenye vipaji vyake, orodha imekwisha kupungua, na yeye hakumbuki kwamba aliipunguza.

Kijijini, kabla hata ya kuondoa, orodha yenyewe hutoka langoni. Mtoto wa mjini huona kazi kwenye mabango na kwenye majengo. Wa shambani huona zile zinazoingia kwao: mwalimu, chifu, muhubiri, mwenye boda boda, broka, mwuguzi, mwenye duka la dawa za mifugo. Nilipokuwa mdogo aliingia pia afisa wa kilimo, na daktari wa kupandisha ng'ombe akiwa na pikipiki ya serikali na mtungi wake wenye mvuke baridi. Tulimkimbilia. Alikuwa msomi mwenye matope kwenye buti, na baba alimwita bwana. Miaka ya 1990 huduma hizo zikaachiwa watu binafsi, maafisa wakawa wachache, na mtu huyo akaanza kuja tu kwa aliyeweza kumlipa. Tulizungumza sana juu ya hasara ya mifugo. Sijasikia ikizungumzwa hasara ya pili, kwamba watoto wa nyumba maskini waliacha kumwona mtu aliyesomea shamba akaheshimika.

Kinyume chake kinaonekana Mbita, ufuoni mwa Ziwa Victoria katika Homa Bay. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo, kina watafiti wake huko, na kutoka huko ilitoka mbinu ya kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mahindi na nyasi kandokando: desmodiamu huzuia striga, gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo, na kufukuza nondo wa mahindi, nao nondo huvutwa na nyasi za pembeni. Mtoto aliyemwona mtafiti akichuchumaa katika shamba la nyanya yake kuhesabu magugu amepata neno jipya kwenye orodha yake.

Shamba ni la nani

Hapa ndipo mashauri mengi ya vijana na kilimo hukosea njia. Kijana anaambiwa arudi shambani, lakini ni shamba gani? Niruhusu hesabu. Babu alikuwa na ekari 10 na wana watano: kila mmoja 2. Kila mwana akipata watoto wanne: nusu ekari. Vihiga, ambako sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, hesabu hii ilishafika mwisho wake zamani. Na hata penye ekari za kutosha, mzee hajagawa. Mwana wa miaka 28 analima kwa ruhusa. Anaweza kupanda sukuma wiki, hawezi kupanda parachichi zinazongoja miaka kadhaa, kwa sababu hajui miaka hiyo atakuwa amesimama juu ya udongo wa nani. Akikopa, hana dhamana. Akiuza, mzee anauliza pesa ziko wapi. Kijana kama huyo akiondoka kwenda kuendesha boda boda ya kukodi Nakuru mjini, watu husema ameikimbia ardhi. Hakuwa na ardhi. Alikuwa na kazi.

Kwa binti mambo ni magumu zaidi. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 inamhesabu sawa na kaka zake baba akifariki bila wosia, na Katiba ya mwaka 2010 inakataza ubaguzi wa kijinsia katika umiliki wa ardhi. Nyumbani bado anaambiwa, wewe utaolewa. Anaamka kabla ya kaka zake, anakamua, anapalilia, na anajua kwamba kila tone la jasho linaingia kwenye shamba litakalobaki la mwingine. Kwa hiyo anafanya jambo la akili kabisa: anachagua urithi unaobebeka. Uuguzi unabebeka. Ualimu unabebeka. Cheti hakisemi kitabaki kwa kaka. Wanafunzi wangu wa kike hawajawahi kunieleza kwa maneno haya, lakini nimewasikia wakiyasema kwa njia nyingine nyingi.

Ndiyo sababu sitegemei kwamba somo la kilimo peke yake litageuza mambo, ingawa nafurahi kwamba mtaala wa umilisi umelipa nafasi tangu shule ya msingi, na kwamba vilabu vya 4-K, vya Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa mwaka 2021. Mwaka 1965 msomi Philip Foster, aliyekuwa amechunguza shule za Ghana, alipinga imani iliyokuwa imeshika serikali nyingi kwamba watoto wakifundishwa kilimo watataka kulima. Alisema wanafunzi hawakupotoshwa na vitabu vya fasihi na historia. Walikuwa wameisoma vizuri tofauti ya malipo kati ya jembe na kalamu. Ukitaka wajibu tofauti, badilisha tofauti hiyo. Nimelisoma wazo hilo mara nyingi, na kila nikimwona baba akibembeleza broka mbele ya mwanawe, naliamini zaidi.

Lakini malipo hayamalizi jambo lote. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, na sehemu ya utoto wake aliishi huku karibu na Nakuru, baba yake akiwa mfanyakazi kwenye shamba la mlowezi. Mama yake alimpa kijishamba chake mwenyewe ndani ya shamba la familia, akipande na kukiangalia. Mtoto huyo hakuwa mkulima. Alisomea biolojia, akapata shahada ya uzamifu Nairobi mwaka 1971, akafundisha anatomia ya mifugo. Alipokuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana, aliona mambo ambayo utafiti wake haukuyauliza: vijito vilivyojaa matope, ng'ombe waliokonda kwa kukosa malisho. Mwaka 1977 akaanzisha harakati ya kupanda miti ya Ukanda wa Kijani, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mimi huwa narudi kwenye kile kijishamba. Mama alimpa bintiye zaidi ya kazi. Alimpa mahali ambapo uamuzi ulikuwa wake.

Basi nilimwuliza yule binti maswali ambayo fomu haiulizi. Maziwa ya asubuhi anapeleka nani? Yeye. Kadi ya ushirika ina jina la nani? La baba. Na yule mtamba aliyemwokoa?

"Mtamba ni wa baba, Mwalimu. Mimi nilimwokoa tu."

Nikamweleza kwamba kusomea afya ya wanyama si kurudi kwenye jembe, kwamba yule daktari aliyempigia simu analipwa kwa ujuzi ambao yeye tayari ameuanza. Alinisikiliza akiwa ameinamia simu. Akaweka kozi ya takwimu ya kwanza, ya uuguzi ya pili. Akanyamaza kidogo.

"Hiyo ya wanyama iweke ya tatu."

"Kwa nini ya tatu?"

"Nataka kwanza nimwulize baba kuhusu ndama wa yule mtamba. Akizaa."

Saa kumi ilikuwa inakaribia. Akachukua simu yake, akaaga, akatembea haraka kuelekea kwao, maana maziwa ya jioni yalikuwa hayajakamuliwa.